Nani atamlipa Karikó wa Newala?

Tangu Oktoba 2023, Katalin Karikó na Drew Weissman walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi iliyofungua njia ya chanjo za Uviko, maisha ya mama huyu wa Hungaria yamegeuzwa mahubiri. Huku Mtwara nimeyasikia kwenye mahafali ya kidato cha sita na kwenye semina za wasichana na sayansi, na muundo wake haubadiliki: alidharauliwa, akavumilia, akashinda, nanyi mabinti zetu vumilieni. Mgeni rasmi anafunga kwa mvumilivu hula mbivu, watu wanapiga makofi, wanapiga picha ya pamoja, basi.

Mahubiri hayo yananikera. Matukio yanayotajwa ni ya kweli, lakini kinachorukwa ndicho kinachotuhusu sisi: miaka yote hiyo ya kudharauliwa, nani alikuwa analipa? Mtafiti anakula. Ana mtoto shuleni na kodi ya nyumba. Ukiipitia safari ya Karikó kwa jicho la mhasibu utakuta mambo ambayo jukwaani hayasemwi, na utaelewa kwa nini binti wa Newala, wilaya ya huku kwetu Mtwara, mwenye kipaji kama chake anamaliza shahada ya biolojia na kuishia kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu.

Karikó alizaliwa mwaka 1955 na kukulia mji mdogo wa Kisújszállás. Baba yake alikuwa mchinjaji, na nyumba yao haikuwa na maji ya bomba. Akasoma biolojia Szeged hadi udaktari, kisha akaanza kufanya kazi ya RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya vinasaba, katika kituo cha utafiti cha mji huohuo. Nchi yake haikuwa tajiri, ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti, na bado mtoto wa bucha alifika kileleni mwa masomo bila wazazi kuuza kitu. Mwaka 1985 fedha za maabara yake zikakauka. Yeye, mumewe na binti yao mdogo wakahamia Philadelphia, Marekani, na kwa kuwa sheria haikuruhusu kutoka na fedha nyingi, waliuza gari na kushona pauni 900 ndani ya dubu wa kuchezea wa mtoto.

Wasemaji wote wanaipenda sehemu ya dubu. Mimi naona ilipaswa kutuuma: nchi iliyomsomesha bure kwa miaka mingi ilishindwa kumlipa mshahara wakati alipoanza kuwa na faida, na elimu yote ile ikapanda ndege.

Marekani nako hakukuwa peponi. Mwaka 1989 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na huko mtafiti wa tiba anatarajiwa kujitafutia sehemu kubwa ya fedha zake: unaandika andiko la ruzuku, wakaguzi wanalipitisha au wanalitupa, na chuo kinakutazama kwa kiasi ulicholeta. Maandiko ya Karikó kuhusu mRNA, aina ya RNA inayoieleza seli itengeneze protini gani, yalikataliwa moja baada ya jingine. Mwaka 1995 chuo kikamshusha cheo. Ndoto ya uprofesa ikaishia hapo, mshahara ukawa mdogo, na wiki hizohizo alikuwa akisubiri majibu ya uchunguzi wa saratani huku mumewe amekwama Hungaria kwa tatizo la viza.

Hapo ndipo wahubiri wanaposema alivumilia. Ni kweli, lakini alivumilia akiwa wapi? Mwanzoni alikuwa kwa Elliot Barnathan, daktari wa moyo, ambaye alimpa nafasi katika maabara yake. Barnathan alipoondoka, David Langer, kijana aliyekuwa akisomea upasuaji wa ubongo, aliishawishi idara yake imchukue. Nyumbani mumewe alikuwa na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akakutana kwenye mashine ya fotokopi na Weissman, daktari wa kinga aliyekuwa akitafuta chanjo ya Ukimwi na aliyekuwa na ruzuku zake. Kwa hiyo uvumilivu wa Karikó ulikuwa na walipaji. Walikuwa watu wachache waliompa meza, kemikali na mshahara mdogo kwa moyo wao, nje ya utaratibu rasmi wa chuo. Angemkosa mmoja tu kati yao, sidhani kama leo tungemjua.

Nilimwambia hivyo rafiki yangu mwalimu wa biolojia kule Masasi. Akacheka. "Sasa kaka, unataka niwaambie watoto wasivumilie?"

"Waambie wavumilie, Mwalimu," nikamjibu, "ila waulize na mkataba."

Tukija kwenye sayansi yenyewe, mRNA ilitambuliwa mwaka 1961. Vinasaba hukaa ndani ya kiini cha seli. Nakala ya sehemu inayohitajika hutoka nje ikiwa katika umbo la RNA, ribosomu, viwanda vidogo vya seli, huisoma na kuunda protini, kisha nakala huvunjwa. Wazo la kuifanya dawa ni rahisi kulitamka: tengeneza nakala yako maabara, iingize kwenye seli, na mwili wa mgonjwa utajitengenezea protini unayoitaka. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walidunga RNA kwenye misuli ya panya na protini ikaonekana. Lakini RNA ya maabara inaharibika upesi, na mbaya zaidi, mwili unaiona kama kirusi: kinga inawaka na panya anakuwa hoi.

Karikó na Weissman waligundua jambo ambalo wengi walilipita. RNA iliyotengenezwa maabara iliwasha kinga, ila ile aina ndogo iitwayo tRNA, iliyotolewa kwenye seli zenyewe, haikuwasha. Katika RNA ya asili, baadhi ya herufi zake huwa zimebadilishwa kidogo kikemia. Wakajaribu kuiondoa yuridini, mojawapo ya herufi nne za RNA, na kuweka sudoyuridini mahali pake. Kinga ikatulia. Makala yao ilitoka mwaka 2005 katika jarida la Immunity, na kazi zao za 2008 na 2010 zikaonyesha kwamba RNA iliyobadilishwa hutoa pia protini nyingi zaidi. Weissman alitegemea simu zisizokoma. Hazikulia. Ilibidi ije Uviko, na chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zilizobeba toleo lililoboreshwa la herufi hiyohiyo, ndipo ulimwengu ukawatafuta. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Karikó alikuwa ameshaondoka Pennsylvania kwenda BioNTech, Ujerumani. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, zilibaki mali ya chuo. Desemba 2024 BioNTech ilikubali kumaliza mgogoro wa mrabaha kwa kukilipa chuo hicho hadi dola milioni 467. Chuo kilichoona mwaka 1995 kwamba mama yule haleti fedha.

(Kwa waliotutisha mwaka 2021 kwamba sindano hii inabadilisha vinasaba: mRNA haiingii ndani ya kiini cha seli na haikai mwilini kwa muda mrefu. Tena chanjo ya kwanza kuchanjwa kwa wingi nchini kwetu, Julai mwaka huo, ilikuwa ya Johnson & Johnson, ambayo haikuwa ya mRNA hata kidogo.)

Newala inaingia wapi? Inaingia kwa mlango wa mbele. Kati ya mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Makonde ulikumbwa na homa ya ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yaliyowakunja watu wazima hata wakashindwa kunyanyuka. Hadi leo dunia nzima inauita ugonjwa huo kwa jina la Kimakonde, chikungunya. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake. Lumsden, aliyekuwa mtafiti Entebbe, aliandika jinsi ulivyoenea. Juu ya uwanda ule maji yalikuwa shida, watu walilazimika kuyahifadhi nyumbani kwa muda mrefu, na mbu aina ya Aedes aegypti hawakuhitaji zaidi ya hapo. Damu za wagonjwa zilipelekwa Entebbe, ambako mtafiti mwingine, Ross, alikitenga kirusi. Makala za Robinson na Lumsden zilichapishwa London mwaka 1955. Aina za kirusi zilizotokana na damu zile, zikiwemo zile ziitwazo Ross na S27, bado ni za rejea katika maabara za mbali ambazo watu wake hawajawahi kukanyaga Mtwara.

Nusu karne baadaye kirusi hicho kilitoka pwani ya Kenya mwaka 2004, kikapita Komoro, na mwaka 2005 na 2006 kikaangukia kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi ya wakazi waliugua. Réunion ni ardhi ya Ufaransa, kwa hiyo fedha za utafiti zikaonekana.

Na sasa wachache wanajua hili: dawa ya kwanza ya mRNA kupimwa kwa binadamu ili mwili wenyewe utengeneze kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea, ilikuwa dhidi ya chikungunya. Moderna, kwa fedha za taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, ilichukua maelezo ya kingamwili kutoka kwa mtu aliyewahi kuugua na kupona, ikayaandika kwenye mRNA, ikayafunga ndani ya chembe ndogo za mafuta na kuyaingiza kwa dripu kwa watu wazima wenye afya. Matokeo ya awali yalitangazwa mwaka 2019 na kuchapishwa 2021: miili yao ilitengeneza kingamwili kwa kiasi cha kuweza kuzuia kirusi. Dawa hiyo haijafika sokoni. Na chanjo ya kwanza ya chikungunya kuidhinishwa Marekani, Novemba 2023, ilitengenezwa kwa njia ya zamani ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Nalitaja hilo kwa sababu kuna ushabiki wa mRNA unaokaribia dini, na mimi si muumini wake. Lakini tazama mpangilio wake. Ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu, damu ni yetu, jina ni letu, na katika mnyororo mzima wa kazi, kutoka kirusi hadi kingamwili, nafasi yetu ilikuwa ya mgonjwa.

Hali hiyo haijawa historia. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa huku wakitokwa damu puani. Minong'ono ilikuwa Ebola. Vipimo vya Ebola na Marburg vikarudi hasi, na ilipotangazwa kwamba ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria anayeenezwa na mkojo wa wanyama kama panya, wagonjwa walikuwa 20 na watatu wameshafariki. Wizara ilifanya kazi yake, silaumu. Nauliza tu kwa nini swali la kirusi au bakteria gani yupo Ruangwa lijibiwe na watu wanaokuja kwa magari kutoka mbali, wakati kule Mitengo tumejengewa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Jengo tunalo. Tunachohitaji ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku, kwa mwaka wa kumi mfululizo, ni kusoma vinasaba vya vimelea vya kusini.

Mtu huyo hapatikani kwa uvumilivu. Masomo yapo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia, Sokoine wanafundisha, Muhimbili wanafundisha, Nelson Mandela Arusha wanafundisha, na Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio makubwa ya chanjo za malaria kule Bagamoyo. Baada ya masomo inakuja miradi. Mradi una miaka miwili au mitatu, fedha ni za mfadhili, swali ni la mfadhili, na siku mradi unapofungwa mkataba nao umeisha, friji linabaki na sampuli ambazo hakuna anayezijua vizuri isipokuwa yule kijana aliyeondoka. Karikó alihitaji miaka isiyopungua kumi na tano tangu aingie Chuo Kikuu cha Pennsylvania hadi makala ya 2005. Kwa mikataba yetu, angekuwa ameajiriwa na kuachwa mara tano au sita katikati.

Watu wa Mtwara na Lindi, kati ya Watanzania wote, hatuhitaji kufundishwa faida ya utafiti wa muda mrefu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei mbovu, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapo kilomita chache kutoka Mtwara mjini, walikaa na ukungu ule miaka na miaka. Ilibidi wajue unaanza lini, unapenda hali gani ya hewa, salfa ipulizwe wakati gani wa maua na irudiwe baada ya siku ngapi. Wakati huohuo walikuwa wakichagua na kuzalisha mikorosho bora, kazi ambayo mti wenyewe hauruhusu uiharakishe, maana unausubiri miaka kadhaa uzae ndipo ujue kama ulikosea. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 310,000. Leo mkulima wa Tandahimba akibeba blowa ya kupulizia dawa mgongoni alfajiri, anatembea na kazi ya watafiti ambao wengi wao wameshastaafu.

Nani aliwalipa? Sehemu ilikuwa fedha za wafadhili, lakini baadaye palikuwa na kitu cha thamani zaidi: sheria. Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ya nchi, asilimia 15 ya thamani yake, uligawanywa hivi kwamba asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao, utafiti ukiwemo, na iliyobaki ikaenda Hazina. Juni 2018 Bunge likabadilisha, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu na wakashindwa kwa kura. Msimu uliofuata uzalishaji ulishuka. Sitadai kwamba ushuru peke yake ndio ulioshusha, mwaka ule ulikuwa na mambo mengi mno. Baadaye sehemu ya fedha ilirudishwa. Ninachokidai ni kidogo: tuliwahi kuwa na utaratibu ambamo mtafiti wa kusini hakuwa akisubiri huruma ya mtu, na tuliweza kuuvunja kwa kikao kimoja cha bajeti.

Najua jibu litakalokuja. Zahanati hazina dawa, mwandishi anataka maabara ya molekuli. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi, lakini kwa upande wa utafiti imeshajibiwa na matukio ya nje. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilifuta miradi 22 ya kutengeneza chanjo za mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Aprili 2024 Moderna ilisimamisha mpango wake wa kiwanda nchini Kenya. Atakayesubiri sayansi ya magonjwa ya Newala ilipiwe Washington au Boston asubiri akijua kwamba inaweza kukatwa kwa barua moja. Upande wa pili, kampuni ya Afrigen ya Cape Town, ikiwa na watafiti wake na mpango wa Shirika la Afya Duniani, ilitengeneza mwanzoni mwa 2022 chanjo ya mRNA kwa kufuata taarifa zilizochapishwa za chanjo ya Moderna, bila Moderna kuwasaidia. Waliweza kwa sababu watu walikuwa wameshaajiriwa na wapo mezani.

Wala mambo hayaishii kwenye homa. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walichapisha katika jarida la Science jinsi chembe za mafuta zenye mRNA zinavyoweza kufika kwenye seli mama za damu ndani ya uboho, kazi iliyofanywa kwa panya lakini yenye lengo la magonjwa kama selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Siku tiba hiyo itakapohitaji kupimwa kwa binadamu watakuja kwetu, hilo halina shaka. Swali ni watamkuta nani wa kuongea naye: mtafiti mwenzao mwenye maabara na maswali yake, au afisa wa kuwapangia ratiba ya vijiji.

Sipendekezi kiwanda Mtwara. Sipendekezi hata jengo jipya. Halmashauri za Mtwara na Kilwa hupokea ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 kutokana na gesi ya Mnazi Bay na Songosongo. Halmashauri zote nchini zimeshazoea kutenga kwa sheria asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo hakuna mhasibu atakayesema kutenga fungu hakuwezekani. Zitengwe nafasi mbili za watafiti wa biolojia ya molekuli pale Mitengo, zikilipwa kwa pamoja na halmashauri za mikoa miwili. Mkataba uwe wa miaka kumi, tathmini mwaka wa nne na wa saba. Yasiwepo masharti ya kuvumbua dawa. Kinachodaiwa kiwe kwamba kila homa isiyojulikana kutoka Newala, Tandahimba, Nachingwea au Ruangwa isomwe vinasaba vyake hapa kabla sampuli haijapanda gari, matokeo yachapishwe kwa majina ya waliofanya kazi, na kila mwaka wafundishwe vijana wawili wa mikoa hii. Muda uliobaki ni wao na maswali yao, hata yale ambayo mkaguzi wa ndani hatayaelewa. Madiwani hupitisha bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, na hesabu za mishahara miwili zinaweza kuandaliwa kwa wiki moja.